Tochi Zilizofungwa Nailoni

Mwanamke mmoja alikuwa na kabati la vioo. Jina lake Namkunda, wa kijiji cha juu kabisa katika milima ya Upare, huko ambako mawingu hupita mlangoni kama jirani anayekwenda kuteka maji. Ndani ya kabati lile kulikuwa na sahani za maua ambazo hazijapata kuonja wali, vikombe sita vyenye karatasi ya dukani, na shuka la harusi ambalo halijatandikwa hata siku moja, na harusi yenyewe ilikuwa imetimiza miaka kumi na tisa. Godoro lake lilipiga kelele kila alipojigeuza, kwa sababu nalo lilikuwa bado ndani ya nailoni. Watu wakimtania, alijibu kwamba akiba haiozi. Msimcheke upesi. Nusu yetu tulioketi hapa tuna kabati kama lile, na nusu iliyobaki wanalitafuta.

Akina mama wa kanisa lao walikuwa na desturi ya kupanda mlima mara moja kwa mwaka, kwenda kuomba kileleni. Mwaka mmoja ukungu uliwakamata wakati wa kushuka, na mwenzao mmoja akapotea msituni. Walimpata kesho yake ameketi juu ya jiwe, hai, lakini meno yanagongana hata hawezi kutamka jina lake. Mchungaji akakata shauri: hapandi mtu tena bila mfuko wa dharura begani, na kila mfuko uwe na filimbi, bandeji, blanketi jepesi na tochi. Vile vitatu havikuwapa taabu. Tochi ndiyo iliyowatia katika mabishano, maana wengine walitaka inunuliwe moja kubwa ya kutangulia mbele, na wengine wakauliza, je, aliyebeba hiyo moja akiteleza? Mwishowe wakakubaliana kununua ndogo ndogo za bei nafuu, moja kwa kila mtu, na kazi ya kuzichagua wakampa Namkunda. Hakuna aliyejua kutunza kitu kuliko yeye.

Alishuka Same siku ya soko, na tangu alfajiri moyo wake ulikuwa ukimruka. Hajawahi kutumwa jambo kubwa kama lile. Alisimama mbele ya meza ya muuza tochi karibu asubuhi nzima. Aliiinua moja nene kama mchi, akairudisha, kwani nani atapanda mlima na mchi? Aliona nyingine yenye vitufe vinne, akaicheka. Kisha akaikuta ndogo, ya bati jeusi, inayoenea kwenye kiganja, inayotumia betri moja tu, ile ya saa ya ukutani isiyokosekana duka lolote. Aliiangusha chini mara tatu. Aliizamisha katika ndoo ya maji ya muuza mchicha wa jirani. Akajifunika kanga gubigubi, akainama chini ya meza ya watu, akaiwasha aone mwanga wake unafika wapi.

"Mama, ukiivunja umeinunua," alisema muuzaji.

Haikuvunjika. Namkunda alitoka chini ya meza ile kanga imekaa upande, uso unamng'aa, akasema anachukua kumi na moja. Bei ya moja haikuzidi sado ya viazi. Muuzaji akamwonyesha jambo la mwisho. Ndani ya kila tochi mpya, kati ya betri na chuma chake, palikuwa na kipande cha nailoni, chembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, na ncha yake imechungulia nje. Kikiwamo, tochi imelala. Ukikivuta, imeamka. Namkunda alilipenda lile neno la kwanza kuliko la pili.

Akazipandisha kijijini kwa shangwe, na wenzake wakazipokea kwa vigelegele, kwa maana kwa kweli alikuwa amechagua vizuri. Hapo ndipo alipokosea. Kila tochi aliiacha na kile kipande chake ndani. Akaiingiza katika mfuko wa nailoni, akaifunga kwa selotepu, akaitia katika mfuko wa pili, akaifunga tena. Akawaambia kwamba asikivute mtu kile kipande mpaka siku ya hatari yenyewe, ili betri zisichoke. Wote waliona hiyo ni busara. Kila mwenye kabati la vioo alienda kuiweka tochi yake humo, karibu na sahani, ambapo wageni wangeiona.

Isipokuwa mmoja. Katika umoja ule alikuwamo Nakijwa, mwanamke ambaye ukimwazima ungo utarudi na tundu, na ukimwazima sufuria itarudi bila mfuniko. Nakijwa alifungua nailoni yake njiani, kabla hajafika kwake. Aliitumia tochi ile kutafutia mayai uvunguni mwa kitanda. Aliamka nayo alfajiri kukamua mbuzi, akiwa ameing'ata kwa meno ili mikono ibaki huru. Alimulikia koo la mtoto wa jirani aliyekuwa na mafindofindo. Ilianguka ndani ya debe la pumba ikatolewa, ikakanyagwa na mbuzi, ikafungwa uzi mwekundu mahali ilipolegea. Mwezi haujaisha alikuwa amekwisha kubadilisha betri mara mbili.

Juma la kupanda lilipofika, Namkunda aliita mifuko yote aikague. Alizitazama tochi moja moja, akafurahi kama mama anayewakuta watoto wote wamelala salama. Halafu akafika kwa Nakijwa. Akaishika ile tochi yenye uzi kwa ncha za vidole viwili.

"Wewe Nakijwa, hiki ulipewa cha hatari, wewe umekifanya cha mbuzi."

Watu walicheka, na Nakijwa naye akacheka kidogo. Namkunda alitaka aachwe kijijini. Wengine wakamwombea, akakubaliwa, kwa sharti kwamba atembee mwisho wa msafara, asije akategemewa.

Wakapanda. Siku ile ilikuwa nzuri mno. Waliimba tangu shambani hadi kileleni, na Namkunda akiongoza mbele hakuhisi uzito wa mfuko wake. Waliomba, wakala viazi walivyobeba, wakatazama nyika ya chini iliyotanda hadi macho yakachoka. Alimshukuru Mungu kwa sauti, bila aibu, akasema hajapata kufurahi hivi tangu alipoolewa. Wakaanza kushuka saa tisa. Saa kumi, ndani ya msitu, ukungu ukashuka juu yao wote kwa pamoja, na chini ya miti ile mikubwa kukawa giza kama kwamba jua limekwisha kutua.

Wa pili kwake akauliza kama wafungue tochi. Namkunda akajibu kwamba bado, njia anaijua, na hii si hatari. Wakaenda. Baada ya kitambo wakamuuliza tena, na sauti zao sasa zilikuwa na hofu. Akasema bado, wasiharibu. Neno lilikuwa halijamtoka vizuri mdomoni alipokanyaga mahali pasipokuwa na njia.

Aliporomoka bondeni pamoja na majani na mawe, akasimamishwa na shina la mti. Kifundo cha mguu kilikuwa kimegeuka. Chini yake alisikia mto ukinguruma, na kutokana na mngurumo ule alielewa kwamba kutoka kwenye shina lile hadi majini hapakuwa na kitu cha kumzuia. Akapuliza filimbi. Waliisikia, lakini sauti katika ukungu haina upande, na kila mmoja aliisikia ikitoka mahali pake. Mmoja akapiga hatua kuelekea kwake, nusura amfuate. Hapo wakasimama wote, hawana ubavu wa kusogeza mguu. Namkunda aliwasikia wakimwita na akajua kwamba bila mwanga hakuna atakayemfikia, na bila kufikiwa hatakuwa hai asubuhi.

Tochi anayo. Ni nzima, ni mpya, ni yeye mwenyewe aliyeichagua kati ya zote za soko. Akaitoa mfukoni kwa mikono iliyokufa ganzi. Selotepu haikukubali kucha zake. Akaing'ata nailoni ya kwanza, akaing'ata ya pili, akaitema. Akaitafuta ile ncha ya kipande kwa ulimi, akaivuta kwa meno, ikakatika, na sehemu yake ikabaki ndani. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akasema moyoni, nitafungua kifuniko nikitoe, lakini hakujua kifuniko kinazungushwa kulia au kushoto, kwa kuwa hajawahi kukizungusha. Kilipofunguka kilifunguka ghafla, betri ikamponyoka, akaisikia ikibiringika juu ya majani hadi mtoni. Namkunda akalia. Alilia kwa uchungu wa mguu na kwa hofu ya kifo, lakini zaidi alilia kwa sababu alisikia huko juu wanawake tisa wakipambana na selotepu, na kila nailoni waliyopambana nayo ilifungwa na mikono yake.

Kisha akaona mwanga. Ulikuwa mdogo, wa manjano, na ulikuwa na doa katikati. Ulitoka mwisho kabisa wa msafara, ukapita mbele ya wale waliosimama, ukafika ukingoni, ukamulika chini. Namkunda akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na mwanga ukageuka ukamkuta usoni. Furaha iliyompata hapo hakuweza kuisimulia baadaye bila kusimama kwanza. Ule mwanga ukaanza kushuka, jiwe kwa jiwe, mzizi kwa mzizi. Aliyeubeba aliung'ata kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa imeshika mizizi, na hilo hakujifunza siku ile. Alipofika alimzungushia Namkunda kanga kiunoni, akamfunga kwenye shina asiteleze zaidi, ndipo akaitoa tochi mdomoni.

"Nakijwa, umewezaje kuiwasha katika giza hili?"

"Dada, hii naijua kwa vidole."

Akapanda tena juu kwa wenzake. Aliwapokea tochi zao moja moja, akachana nailoni, akavuta kile kipande kwa ncha, taratibu, bila kutazama, kama mtu anayetoa mwiba. Ikawaka ya kwanza. Ikawaka ya pili. Namkunda aliyekuwa amefungwa kule chini alizihesabu kwa sauti, na kila moja ilipowaka walipiga vigelegele huko juu kana kwamba mtoto amezaliwa. Nane ziliwaka. Moja ilikataa, betri yake ilikuwa imevuja kabatini. Kwa mianga ile waliiona njia ya kushukia, wakafunga kanga na blanketi zao pamoja, wakampandisha mwenzao, na hakuna mwingine aliyeanguka.

Walipomweka njiani na kumfunga bandeji, Nakijwa alitoa mfukoni betri moja. Asubuhi ile alikuwa ameitoa kwenye saa yake ya ukutani, na saa ilikuwa imesimama huko nyumbani tangu walipoondoka. Alitaka kuiweka mwenyewe katika tochi ya Namkunda. Namkunda akamzuia, akaomba aachwe. Alikitoa kile kipande kilichokatika kwa ukucha, akaiweka betri, akaigeuza, akaitoa, akaiweka tena, akakizungusha kifuniko, na wote wakamsubiri katika baridi bila kulalamika. Ikawaka. Akaizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, huku akicheka na machozi yakimtiririka, na wenzake nao wakaanza kucheka pasipo kujua wanacheka nini.

Wakambeba kwa zamu, wakishuka na safu ya mianga, wakiimba kwa sauti kuliko walivyoimba asubuhi. Walipotoka msituni mbingu ilikuwa na weupe bado, na nyumba za kijiji zilionekana wazi. Mmoja akamkumbusha Namkunda, kwa upole, kwamba sasa anaweza kuizima akaokoa betri.

"Iache iishe," alisema Namkunda. "Nitanunua nyingine."

Na ninyi mnaonisikia, mliopewa kila mmoja chake, kidogo, kinachoenea kwenye kiganja: ukungu ukishuka leo saa kumi, vidole vyenu vitakijua?