Pete Iliyong'ara Kuliko Nyingine

Sogeeni, wanangu, mkae. Niwape hadithi? Haya, ipokeeni.

Kijana Shekue alimchumbia Mwanashungi, msuka mikeka. Mwanashungi akajipima kidole kwa uzi, akampa mchumba wake aende nao kununua pete.

Sonara alikuwa zimwi. Akatoa pete ya shaba.

"Uzi unasemaje, bwana harusi?"

"Inamtosha. Lakini shaba! Watu watanicheka."

Akatoa ya fedha. "Uzi unasemaje?"

"Inamtosha. Lakini hata jirani yangu alinunua ya fedha."

Akatoa ya dhahabu. "Uzi unasemaje?"

"Ni ndogo. Lakini hii ndiyo! Kidole kitazoea."

Zimwi likacheka. "Pete yangu haipanuki, bwana. Kitakachopungua ni kidole."

"Basi kipungue."

Siku ya harusi, Shekue akaisukuma pete kidoleni.

"Mume wangu, ivue, inanikata!" akalia Mwanashungi. "Nitasukaje mikeka?"

"Vumilia, watu wanatazama."

Pete ikabana, ikabana, ikabana, mpaka kidole kikaanguka.

Shekue akainama upesi. Hakuokota kidole, wanangu. Aliokota pete, akaifuta damu, akasema, "Lete kidole kingine."