Tundu la Nne

Mwiba ni mdogo, tena hauna haraka. Wahenga waliogopa zaidi dharau ya yule aliyechomwa.

Fundi viatu mmoja alimpenda mkewe kama mboni ya jicho. Mimba yao ya kwanza ilipoingia mwezi wa nane, mke akalalamika viatu vinambana.

"Vilete," fundi alisema, akatoboa tundu jipya kwenye ukanda. Wiki iliyofuata akatoboa la pili, kisha la tatu.

"Fundi wangu, nikibonyeza mguu kidole kinaacha shimo. Na kichwa kinanigonga."

"Mimba hiyo, mama! Huyo mwanao ana miguu ya jitu. Ngozi itaniishia!"

Wakacheka. Siku ya kliniki ikapita, maana fundi alikuwa na rundo la viatu vya wanafunzi. "Wiki ijayo nitakupeleka mwenyewe," akaahidi.

Wiki hiyo haikufika. Asubuhi moja, fundi akitoboa tundu la nne, mkewe alishika mwimo wa mlango. "Mbona naona nyota mchana huu?" Hapo hapo akaanguka, mwili umekakamaa kama ubao, povu mdomoni.

Jirani aliwakimbiza hospitali kwa gari lake. Mkunga alipima presha, uso ukambadilika. Akakiona kiatu ambacho fundi alikuwa bado amekikumbatia.

"Nani katoboa matundu haya?"

"Mimi, dada."

"Baba, kila tundu hapa lilikuwa siku ya kumleta kwangu. Ulikuwa unapima ugonjwa, ukadhani unapima ngozi."

Mke akaingizwa chumba cha upasuaji. Fundi alikaa kwenye benchi, kidole kikitembea juu ya ukanda: moja, mbili, tatu, nne. Saa sita kasorobo akasikia kilio chembamba kama cha paka.

"Binti, kilo moja na nusu," mkunga alisema. "Mama bado hajaamka. Tuombe."

Siku mbili fundi hakuonja kitu. Ya tatu, mkewe alifumbua macho, akamtazama sana.

"Viatu vyangu umevimaliza?"

Fundi alilia kama mtoto.

Kiatu kile sasa kinaning'inia juu ya meza yake ya kazi. Mjamzito akileta viatu vipanuliwe, fundi hagusi sindano. "Kapime presha kwanza, dada." Akibishiwa, huonyesha juu kwa kidole yale matundu manne, maana yeye alijifunza kwa machozi: mdharau mwiba, mguu huota tende.