Vishimo vya Jiwe la Lihoma

Sogeeni. Sogeeni hata migongo iguse jiwe, na wewe uliyejifunika blanketi mpaka puani, fungua masikio, maana sitarudia. Najua siku ya kuchonga haijafika, na najua mnanong'onezana kwamba bibi amezeeka na miezi imempotea. Nong'onezaneni tu. Hili nililowaitia mtalijua nikimaliza, na sharti nimalize kabla ukungu ule wa bondeni haujatufikia. Huyu mdogo niliyempakata amesinzia, mwacheni alale.

Zama hizo, kabla jina la Lihoma halijatamkwa na kinywa cha mtu, uwanda huu wa juu ulikuwa nyasi, upepo na mawe haya basi, na wazee wetu walikuwa watu wa mabondeni, wenye migomba na mito yao. Vita vikawatoa. Wakapanda mlima wakikimbia, wamebeba moto vyunguni na watoto migongoni, na mbele yao akatangulia Sekihula binti Mdemu, mjukuu wa Lugome mpasua mwamba. Sekihula Mkono wa Jiwe, fundi wa kuchonga mawe ya kusagia, aliyebeba kichwani jiwe la kusagia la mama yake katika kupanda kote kule asilitue hata mara moja. Sekihula mama yake Mwenga, aliyekuwa amekwisha kuvunja ungo, na mama yake Nyamise, aliyekuwa bado wa mgongoni. Ndivyo nilivyotajiwa na ndivyo ninavyowatajia, Mwenga na Nyamise.

Watu wale walikuwa na mwiko mlio nao hata nyinyi: mtu hahesabiwi. Mbuzi huhesabiwa, mizinga ya nyuki huhesabiwa, bali anayewahesabu watu wake anakionyesha kifo pa kuchagua. Basi walikulaje bila kuhesabiana? Chungu kilikuwa kimoja, na kila jioni kila mtu alipita akatia konzi yake ya unga wa ulezi kwa mkono wake mwenyewe, na mama akamtilia mwanawe asiyeweza. Kwa hiyo uji ulilingana na vinywa, na hapakuwa na haja ya mtu kunyoosha kidole na kusema huyu, na huyu, na huyu. Lilikuwa jambo zuri, nami silitukani. Lakini lilikuwa na tundu, na katika tundu hilo kikapita kitu.

Siku moja ukungu ulishuka mchana kweupe. Mwenga alikuwa amekwenda peke yake kuokota mashina makavu ya kuwashia moto, akapotea humo hata watu wakaanza kumlilia. Ukungu ulipoinuka, akatokea anatetemeka, amemshika mdogo wake mkono. Lo! Vigelegele vilivyopigwa! Sekihula akamkaripia mkubwa, akamfunga mdogo mgongoni, akampulizia vidole vyake vilivyoganda. Hapana hata mmoja aliyeuliza yule mdogo alitoka lini kambini.

Jioni ile uji ulipungua. Wa mwisho kupakuliwa alikuwa Kihwele, mkuu wa mikuki, na upawa ukakwaruza chungu kitupu. Walicheka, wakamtania mpishi kwamba amejipendelea. Kesho yake ukapungua tena, na hapo hawakucheka sana. Kisha ukungu ukarudi, na asubuhi Mzee Mgaya, aliyependa kuwapakata watoto penye moto, alikutwa ameketi palepale, macho wazi, baridi kama jiwe la mtoni, bila jeraha wala povu. Ukungu uliofuata ukamchukua mpishi kwa namna ileile.

Ndipo hofu ilipowashika, wanangu. Simba ungemwona, adui ungemsikia. Lakini walitambua kwamba kati yao yumo alaye asitie, na wakitazamana kila uso waliujua: huyu mke wa fulani, huyu shemeji, huyu nilicheza naye utotoni. Mume alimwangalia mkewe akila. Ndugu waliacha kulala wakiwa wamepeana migongo. Mtoto akilia usiku, watu hawakwenda, walisikiliza kwanza kama ni kilio cha mtoto.

Kihwele hakuweza kuvumilia. Alisimama mbele ya watu, akachoma mkuki wake ardhini, akatamka: "Kikulacho ki nguoni mwako. Tumepanda huku wazima, na ukungu umemmeza mtu mmoja ukamtapika. Mwenga tuliyemlea hakurudi. Huyu aliyerudi atatupwa gengeni leo, kabla ukungu haujashuka tena."

Wakaitikia, hata shangazi zake wakaitikia, na msiwalaumu upesi, maana hamjui mngefanya nini. Mwenga alipiga magoti na kulia, akisema mimi ni mimi, ni mimi jamani. Sekihula akajitia kati ya mkuki na mwanawe, mdogo akiwa mgongoni anachungulia begani.

"Mwanangu hatupwi kwa dhana," alisema. "Nipeni mchana huu. Kisicho mtu hakina damu, na mimi ninayejua jiwe nawaambia kwamba jiwe halichongeki bila kudai damu ya mkono. Kila mmoja achonge kishimo chake hapa, mkubwa kwa mdogo, mbele ya wote. Mkono utakaobaki mzima, huo mtupeni, hata ukiwa wa damu yangu."

Akawagawia mawe meupe, yale magumu ambayo mafundi hutumia kutia meno jiwe la kusagia likichakaa. Hampigi kwa nguvu, mnajua wenyewe. Mnagonga kidogo kidogo, pale pale, ko, ko, ko, hata jiwe lilegee na kuwa vumbi. Kiganja huvimba, hupasuka, na damu hushuka kishimoni. Mwenga alianza. Aligonga huku akilia, na jua lilipopinda damu ilikuwa imejaa kwenye mistari ya kiganja chake. Kihwele akatia kidole katika kishimo chake, akakinusa, akainamisha kichwa. Kisha akachukua jiwe lake akagonga, naye akatoka damu. Wakagonga wote. Ukungu ulianza kupanda, na humo ndani ilisikika milio ya mawe tu, kila mtu akiogopa kuwa wa mwisho.

Sekihula akachonga chake mwisho, juu kabisa, na damu ikatoka. Wote walikuwa watu! Badala ya kufurahi walizidi kuogopa, kwa kuwa sasa hawakuwa na wa kumshika.

Hapo sauti ndogo ikasema kutoka mgongoni, "Mama, na mimi."

Walicheka, maskini, kicheko cha watu waliochoka kuogopa. Sekihula akamfungua mtoto, akamwekea jiwe jeupe mkononi, akaushika mkono ule mdogo ndani ya mkono wake na kuanza kugonga. Aligonga, akagonga, hata kidonda cha kiganja chake kikafunguka upya. Kiganja cha mtoto kilibaki kikavu na cheupe, na jiwe chini yake halikutoka hata vumbi. Vicheko vikakoma kimoja kimoja.

Sekihula akautazama mkono wake mwenyewe. Kila jioni, mtoto akiwa mgongoni, mkono huu ulipita penye chungu, ukatia konzi moja, ukafumbwa. Kichwa chake kilikumbuka uchungu wa kumzaa Nyamise, meno yake ya kwanza, homa yake katika kupanda mlima. Watu wote walikumbuka. Ila mkono haukuwahi kujifunza konzi ya pili, kwa sababu alizaa mara moja tu, na aliyemzaa alikuwa Mwenga.

Kihwele aliinua mkuki, ukamtoka mkononi. Kile kitu kikamtazama Sekihula, machozi yakikilengalenga, kikasema, "Nibebe, Mama. Baridi."

Alilia. Naapa alilia, maana alikipenda, na mapenzi hayakujua kwamba yamedanganywa. Kisha akamgeukia Mwenga na watu wote, akatoa neno tunaloliishi mpaka leo: "Hiki hakitaondoka bila mama, na nikikifukuza kitamtafuta mwingine kati yenu. Nakichukua mimi. Mwenga, wewe ni damu yangu, bakia, uzae. Msiniite kwa jina ukunguni kamwe. Ila ukungu ukija gongeni jiwe, ili nijue mlipo, nipite mbali nacho." Akakifunga mgongoni, akakaza fundo, akaingia ukunguni, na vile vimiguu vilikuwa vikining'inia ubavuni mwake hata vikafifia.

Walimsikia akiimba bembelezo, akilizunguka jiwe hili, kwa mbali, kisha kwa mbali zaidi. Mwenga alichonga pete kukizunguka kishimo cha mama yake, na kila mara ukungu ulipoleta tena ule wimbo aliongeza pete nje ya pete. Ndizo hizo mnazozipapasa. Na kando yake, ona, kishimo kidogo kisicho na kina, ambacho Mwenga alikichonga kwa mkono wake uzeeni, tunachokitilia konzi ya unga ili kile kitu kisije kuutafuta chunguni. Aliwazaa wazee wenu wote, huyo Mwenga, na kila alipoulizwa amezaliwa na nani alijibu, "Nimezaliwa peke yangu." Kisha alikuwa akilia, kwa maana alimkumbuka mdogo wake, jinsi alivyokuwa akimchana nywele.

Hayo ndiyo ya Sekihula, nami nimeyarudisha kwenye jiwe lake kama nilivyoyapokea. Sasa nisikilizeni, na msitazamane. Asubuhi hii nilisimama penye chungu mimi mwenyewe, nikawaona mkipita na konzi zenu, na uji haukumfikia wa mwisho.

Haya, kila mtu ashike jiwe lake jeupe. Naanza mimi, kisha huyu niliyempakata.