Blanketi la Zimwi la Baridi

Haya, sogeeni motoni, kisa kinaanza.

Kila kipupwe Zimwi la Baridi lilipanda mlimani kung'ata vitunguu vya maua, yaani mizizi minene ya maua iliyolala ardhini. Visipong'atwa havichanui, na bila maua kijiji hakijui siku ya kupanda njegere.

Mwaka mmoja mjane Atuganile alilikuta njiani likitetemeka. Akalionea huruma, akalifunika blanketi. Likalala fofofo.

Vitunguu vikamuuliza Atuganile, "Mama, baridi imepita?"

"Haijafika."

Vikauliza tena, na tena. Mvua zikaja, ua hakuna.

Atuganile akalifunua zimwi. Likashtuka: "Nimewahi au nimechelewa?"

"Sijui, baba. Ning'ate kidole, tuone kama meno bado makali."

Likamng'ata. Asubuhi yake ua moja likachanua, kwenye kidole cha Atuganile.

Watu wakalizunguka ua hilo na majembe mkononi: tupande, tusipande? Nilipowaacha, bado wanabishana.