Adabu ya Kumwonjea Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na chungu.
Chungu na mwiko.
Mwenye njaa?
Asikilize.
Mwenye shibe?
Asisinzie.

Basi hapo zamani, kwenye bonde moja lenye mtama mwingi, wanyama walilima pamoja. Walilima pamoja, wakapalilia pamoja, wakavuna pamoja, wakapika katika chungu kimoja. Kula tu ndiko hawakula pamoja. Aliyekula alikuwa Kiboko.

Nanyi msidhani Kiboko alikuwa na askari. Hakuwa na fimbo wala kamba. Alikuwa na neno moja tu, nalo ni hili: mwenye adabu hali kabla mkubwa hajashiba. Na Kiboko mnamjua, kushiba kwake ni safari. Kila adhuhuri aliketi mbele ya chungu akala, kafu kafu kafu, hata mwiko ukagonga chini, ko. Ndipo alipojifuta domo na kuwaambia wenzake, haya, karibuni. Wakakwangua ukoko, kwaru kwaru, wakashukuru.

Juu ya mti alikaa Kasuku, kazi yake kueleza. Alieleza kwamba shibe ya mkubwa huwateremkia wadogo polepole, kama umande. Wale ambao haikuwateremkia walijilaumu wenyewe, wakasema labda hatukukaa vizuri.

Sasa palikuwa na Bi Kindi, mjane, mwembamba, aliyebakiwa na unono wa mkia tu. Alikuwa na mtoto mmoja, Siwema, na huyo Siwema alikuwa akikauka mama yake akimwona. Siku moja Kindi akaficha kitonge cha ugali wakati wa kupika, akampelekea nyumbani. Siwema akakitazama, mate yakamjaa mdomoni, kisha akakisukuma.

"Mama, mtoto mwema hasikii njaa kabla ya mkubwa."

Kama Kiboko angemkaba mtoto koo, Kindi angemng'ata, na liwalo na liwe. Lakini nani awezaye kung'ata neno? Akalia, nawaambieni, akalia mpaka mkia ukalowa.

Kesho yake akawaendea majirani. Akawauliza nani alilima, nani alivuna, nani alipika. Wakajibu, sisi. Akauliza, basi nani ale? Hapo Digidigi, ambaye ndiye aliyekuwa na njaa kuliko wote, akamuuliza amelelewa na nani yeye, asiye na haya. Wakamfukuza kwa makonzi. Kiboko hata hakuamka. Aamke kwa haja gani, na kazi yake inafanywa na wengine?

Kindi akarudi akiuguza kichwa, akisema moyoni, dawa ya moto ni moto. Hawa nikiwapunguzia adabu wataniua. Basi nitawaongezea.

Adhuhuri iliyofuata, Kiboko alipotia mwiko chunguni, Kindi akajitupa chini akaomboleza. Wenzake wakamzunguka, kuna nini, kuna nini?

"Tumemvunjia mkubwa heshima," akasema. "Hata mgeni wa kawaida akija nyumbani, mwenye chakula huonja kwanza mbele yake, kumwonyesha hakina sumu. Huyu mkubwa wetu, nani amewahi kumwonjea?"

Digidigi akashika kichwa. Kweli, nani? Miaka yote hiyo mkubwa anakula hivi hivi tu, kama mpita njia. Aibu ikawashika, wengine wakatokwa na machozi.

Kiboko akasema hakuna haja, yeye hana makuu.

"Mnausikia unyenyekevu wake?" akasema Kindi. "Mtu kama huyu ndiye hasa wa kuonjewa."

Na Kasuku, ambaye neno tamu halimpiti, akalidaka huko juu: mkubwa huonjewa, mkubwa huonjewa. Kiboko akabaki kukodoa macho. Akikataa kuonjewa, amekiri kwamba yeye si mkubwa.

Kindi akaonja, nyam. Akatafakari. Akasema huku juu ni salama, ila sumu hupenda kukaa chini. Akaonja chini. Akasema tumbo la kindi limesalimika, lakini je, la digidigi? Kuna sumu humpita huyu ikamkamata yule. Digidigi akaonja, nyam nyam, machozi ya heshima yakimtiririka. Nungunungu naye akaonja, Kanga akaonja. Na watoto? Ulimi wa mtoto haufichi jambo, akasema Kindi, akamwita wake. Siwema akaonja kwa adabu kubwa, akaonja, akaonja, mpaka tumbo likamkaza ndi.

Chungu kilipomrudia Kiboko, umebaki ukoko. Wakamhakikishia kwamba hauna sumu hata chembe.

Kiboko akapanua domo akanguruma, wooo. Hapo Kindi aliogopa kikweli, maana domo lile lingemmeza yeye na mwanawe kwa mpigo mmoja. Lakini Digidigi akapiga magoti akawageukia wenzake.

"Mkubwa amekasirika," akasema. "Kesho tuonje zaidi."

Wakaonja zaidi. Kiboko akakonda. Alijaribu kuwaambia kwamba ile adabu aliitunga mwenyewe siku moja akiwa na njaa, na Kasuku akaeleza kwamba huo nao ni unyenyekevu. Mwisho akajiondokea, akaingia mtoni, na mpaka leo hula majani gizani, asije akaonjewa.

Kindi akaona sasa ndio wakati wa kumwambia mwanawe ukweli: kwamba hapakuwa na sumu wala heshima, chakula ni chao kwa sababu walikilima. Akamkalisha mbele ya sahani. Siwema hakugusa. Alikuwa amekunja mikono, anangoja.

"Onja kwanza, mama," akasema. "Wewe ndiye mkubwa wa waonjaji. Siwezi kula kabla hujashiba."

Kindi akafungua mdomo amwambie. Ugali ulikuwa wa moto, na kunde zimekolea nazi. Akaonja. Akatafakari. Akaonja tena.

Hadithi yangu imefika ukokoni. Ikiwa tamu, nimeipika mimi. Ikiwa mbaya, ninyi mmeionja vibaya. Na funzo lake ni hili, watoto: waheshimuni wakubwa, maana mtoto mwenye adabu hajapata kufa njaa. Haya, kaeni papo hapo mtulie. Nasikia wali umeiva jikoni, naenda kuwaonjea.