Kipumulio cha Nyati Kilichokuwa Laini Mchangani

Wewe uliyekaa hapo mbele, ukivuta pumzi ikakataa kuja, utamlaumu nani: mapafu yako au kipumulio ulichopewa?

Usijibu kwanza. Nina ngano mkononi.

— Ilete tuipime.

Ikiwa nyepesi?

— Tutaipeperusha.

Ikiwa nzito?

— Tutakusaidia kuibeba.

Haya, shikeni upande wenu.

Zamani hizo wanyama wa nchi kavu walikuwa wakipiga mbizi. Kila mmoja alifunga mtungi wa hewa mgongoni, akatia kipumulio mdomoni, akashuka Shimo la Pima Kumi kuokota chaza. Chaza hawakuwa na mwenyewe. Hewa ndiyo iliyokuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Nyati. Alitengeneza kipumulio cha shaba, kinang'aa kama sinia la harusi, akatangaza kwamba hakuna kushuka shimoni bila hicho. Kikapu kikipanda, nusu ya Nyati. Yeye hakushuka hata siku moja. Alikuwa na kazi nyingine, kazi ya kula.

Tena alikuwa na desturi yake ya kupima. Anakuita mchangani, kivulini, mtungi umejaa pomoni. Vuta mara tatu.

Fyuu. Fyuu. Fyuu.

"Laini?"

"Laini, Bwana Nyati."

"Shuka."

Wote walipimwa hivyo, na wote walisema laini. Mchangani hata bua la mpapai ni laini.

Siku moja akashuka Digidigi. Mtungi ulipofika nusu, kipumulio kikaanza kukaza. Fyuu. Ffu. Kkk. Akapanda juu macho yamemtoka, kikapu amekiacha chini.

"Bwana Nyati, kile kitu kinabana."

"Mchangani ulisema nini?"

"Nilisema laini."

"Basi kilichobana ni roho yako. Mwoga wewe."

Jina likamganda. Kila alipopita, kima walimvutia pumzi kwa kejeli: kkk, kkk. Mbizi ndiyo iliyokuwa ikimlisha, na sasa hakuna aliyetaka kushuka naye.

Fundi mdogo wa vipumulio pale pwani alikuwa Nguchiro, jike kama Digidigi. Vyake havikung'aa, vilikuwa na vifuniko vya bati jeusi, na Nyati alikwisha kuvipiga marufuku. Alimwambia Digidigi, "Shoga, roho yako haina kasoro. Lete hicho kitu nikione tumbo lake."

Akakifungua.

"Tazama. Hapa ndani kizibo kinasukumwa na hewa ya mtungi upande mmoja tu. Mtungi ukijaa, hewa inakuja mbio. Ukipungua, unaivuta kama unayenyonya uji kwa bua lililoziba, na kule chini pumzi yenyewe ni nzito. Changu kinasukumwa pande zote mbili. Mtungi ujae, mtungi ukaribie kwisha, pumzi ni ile ile."

"Sasa tutamwambia nani?"

"Hatumwambii mtu. Tunapima. Tena kule chini, si kivulini."

Akaenda kwa Nyati. "Bwana Nyati, tushindane. Mimi na changu, wewe na chako. Pima kumi, mpaka mtungi ukaribie kwisha. Kasa atakuwa msimamizi."

"Nikishinda napata nini?"

"Unavunja vyangu vyote, na Digidigi anabaki mwoga mpaka anakufa. Ukishindwa, kila mtu achague cha kupumulia."

"Niloweshe mwili wangu kwa hilo tu?"

"Na chaza wote utakaopanda nao ni wako. Si nusu. Wote. Njoo na kapu kubwa."

Nyati akameza mate, glup. "Lini?"

"Kesho, watu wakishakula mchana."

Kesho yake watu wakala. Nyati hakuonekana kwenye sinia. Nyati kukosa chakula, hapo tu wangeshtuka. Alikuwa kibandani kwa Nguchiro, krii, krii, anafungua vifuniko. Kifuniko cha bati akakivika tumbo la kipumulio chake mwenyewe, cha shaba akakivika tumbo la kipumulio cha Nguchiro, akatoka anafuta jasho.

Nguchiro aliporudi akainua kipumulio chake. Kizito. Akajua kimebadilishwa tumbo. Angeweza kukifungua mbele za watu, lakini Nyati angesema mwizi ni Nguchiro, na mwenye pembe akisema, watu husikia vizuri sana. Akajaza kibuyu kidogo maji, akamkabidhi Digidigi, akakitia kipumulio mdomoni.

Chubwi ndogo. Chubwi kubwa.

Chini huko, Nyati: fyuu, fyuu. Nguchiro: fyuu, fyuu.

Mtungi nusu. Nyati: fyuu, fyuu. Nguchiro: ffu, ffu.

Mtungi robo. Nyati: fyuu, fyuu. Nguchiro: kkk. Akapanda juu.

Nyati alibaki mpaka Kasa akamsukuma kwa kichwa. Akaibuka na kapu limefurika. "Mmeona? Leteni nyundo."

"Tumeona," Nguchiro alisema huku akikohoa. "Hongera, Bwana Nyati. Shoga, imwage ile dawa, haina kazi tena."

"Dawa ya nini?" Nyati akauliza.

"Mambo ya kike, usijisumbue. Nilihofia wezi, nikapaka utomvu mdomoni mwa kipumulio changu. Mwizi akikitumia, pembe zinalegea kabla ya alasiri. Zikidondoka, hazioti tena. Mimi nimeshakunywa dawa yake. Wewe umetumia chako, uko salama. Mwaga, shoga."

Digidigi akainamisha kibuyu. Do. Do. Do.

Nyati akagusa pembe ya kulia. Do. Do. Akagusa ya kushoto, akaitikisa kidogo.

"Hebu ngoja," akasema.

"Mwaga."

"Ngoja nimesema. Nilichovaa ni chako. Nilikichukua. Nipe hicho kibuyu."

Akakinyang'anya, akanywa mpaka tone la mwisho, watu wote wakimtazama.

Ngano yangu imeishiwa hewa hapo, mwenye mapafu aiendeleze. Funzo lake, msiibe. Ila mkiiba, ibeni kinachofanya kazi: Nyati aliiba, akapumua vizuri, akajaza kapu. Digidigi hakuiba kitu, akaponea chupuchupu. Tena msiseme uongo, kwa sababu kibuyuni mlikuwa na maji ya kuoshea mchele.

Msiinuke kwanza. Digidigi bado amesimama.

"Bwana Nyati," alisema, wala hakupaza sauti, "ulikuwa na chako. Cha shaba. Laini. Mbona hukushuka nacho?"

Nyati akamtazama Kasa. Akakitazama kibuyu kitupu.

"Kinabana," akasema. "Nilijua tangu siku ya kwanza. Kule chini kinabana."