Miche ya Lali

"Mtende haufi kiu, kiu huua mche." Mmeisikia leo matangani, mkanijia mbio kuuliza imetoka wapi. Haya, kaeni, na simu hizo mziweke chini, maana mimi sisemi na visogo. Msidhani ni methali ya wakulima. Ilitoka kinywani mwa mjane, na chanzo chake ni hiki.

Huko Mtangani, kijiji cha bara kisicho na mto, alikaa fundi cherehani aliyeitwa Mzee Bunu. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mtende mkongwe alioupanda babake. Bunu mwenyewe shamba hakulijua, alijua sindano na uzi. Aliyependa udongo ni mwanawe wa pekee, Lali. Siku binti mdogo wa Lali, Zamzam, aliposimama dede kwa mara ya kwanza, Lali alifurahi akachukua shoka na jembe, akaikata miche minne iliyochipuka shinani mwa mtende ule, akaipanda mbali kidogo, kwenye mashimo yake mapya.

Mkewe, Mwanaidi, ndiye aliyemshikia miche akifukia.

"Hii ni ya Zamzam," Lali akamwambia. "Ikivuka mvua mbili, hata tukiisahau itasimama. Lakini sasa mizizi yake haijafika popote. Ikikosa maji tu, basi."

Mvua moja ilinyesha. Ya pili haikuja. Na katika ukame ule homa ikamshika Lali, wakamzika wiki haijaisha.

Mwanaidi akaingia eda. Enzi hizo, pale Mtangani, eda haikuwa mchezo, ati. Mjane hakanyagi nje ya kizingiti mpaka siku zitimie, dunia iungue isiungue. Akakaa chumbani na mwanawe, na jambo moja likimtafuna: ile miche. Ndiyo kitu pekee Lali alichomwachia mtoto.

Kisima nacho kilikuwa kinatoa tope, na kila nyumba ikipimiwa maji yake. Mwanaidi akajinyima. Kuoga akaacha, badala ya kutawadha akatayamamu kwa mchanga, na maji aliyoyabakiza akayatia kwenye kibuyu. Kila alasiri akampa mkwewe mlangoni.

"Baba, haya ya miche ya Lali."

"Lete, mwanangu."

Mtu asinitukanie Mzee Bunu. Hakuyanywa maji yale, wala hakuyauza. Ila alipofika nyuma ya nyumba siku ya kwanza, alitupa jicho kwenye mtende wa babake, akaona makuti ya chini yamekauka yananing'inia. Moyo ukamlipuka paa! Babake hayupo, mwanawe hayupo, na mtende nao uende? Tena akajiambia kwamba miche ni watoto wa mtende, na mama akishiba watoto hunyonya. Akamimina kibuyu chote shinani mwa mtende.

Lo, fundi cherehani! Makuti ya chini hukauka kila mwaka. Mtende ule mizizi yake ilikwisha kushuka zamani, ikafika kwenye unyevu ambao hata ndoo haiufikii, na maji yale haukuyahitaji kabisa. Lakini nani wa kumwambia? Alipoona miche inageuka rangi, alizidi kumnywesha mama.

"Inaendeleaje, baba?" Mwanaidi akiuliza.

"Itapona. Kila siku namwagia mamaye," laiti angelijibu hivyo, Mwanaidi angelimsahihisha na miche ingelipona. Lakini hakuona haja ya maelezo. Alijibu tu, "Itapona, mwanangu."

Na watu wa Mtangani nao, siku zote hizo, walikuwa barazani kwa Bunu. Sahani za wali kwake, kahawa kwake, "Pole mzee, umeondokewa na nguzo" kwake. Chumbani kwa mjane wanawake walikuja siku za mwanzo, halafu kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Mwanaidi alilia akiwa na mtoto mapajani, na hakuna aliyemsikia.

Siku zikatimia. Wanawake wakamwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamtoa. Hakusimama kuamkiana na mtu. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Mtende ulikuwa umesimama, kijani, na mashada ya tende juu. Miche minne ilikuwa mikavu. Aliugusa mmoja, ukang'oka.

Mzee Bunu akafika nyuma yake. "Mwanangu, maji yako sikumwaga ovyo, Wallahi. Nilimpa mamaye, ili nayo inyonye."

"Baba," Mwanaidi akasema, "Lali aliikata kwa mamaye. Mimi nilikuwapo. Tangu siku ile haikuwa na mama wa kunyonya."

"Sikujua."

"Na mimi nilikuwa mlangoni, baba. Ungeniuliza."

Mzee akautazama mtende wake, kisha yale mashimo manne, akaketi chini kwenye vumbi na nguo zake safi.

Mwanaidi hakumfokea. Alisema tu, "Mtende haufi kiu, baba. Kiu huua mche." Kisha akamchukua Zamzam, na nduguye alipokuja kumfuata, akaenda kwao. Mzee alitaka kumwambia abaki, lakini miche ya mtoto imekufa, na hakuwa tena na cha kumzuilia. Mtende ule ulizaa sana mwaka huo. Bunu hakuonja hata tende moja.

Miaka ikapita, akafa kijana mwingine pale Mtangani. Watu wakajaa barazani kwa baba wa marehemu, sahani zikipangwa mbele yake kama desturi. Mzee Bunu, sasa mkongwe, alikuwa ameketi kando. Mara akainuka, akaibeba sahani kubwa kuliko zote.

"Mzee, hiyo ya mfiwa!" watu wakamzuia. "Waipeleka wapi?"

Akaelekea mlango wa ndani, kwa mjane na wanawe, machozi yakimtiririka mbele ya wanaume wenzake bila haya.

"Niacheni nipite," akasema. "Nilikuwa na wangu, nikawaacha wakauke. Mtende haufi kiu, jamani. Kiu huua mche."